Swali Kabla ya Mashine



Kuna swali linaloletwa hapa studioni Kisangani kwa sura nyingi, lakini ndani yake ni lilelile. Mtu ana ndugu yake Kampala, au Kinshasa, au Ubelgiji. Ndugu huyo alikuwa anaumwa kisigino, au bega, wakampeleka kwenye mashine inayogonga na kutuma mawimbi mwilini, naye akapata nafuu. Sasa huyu wa hapa anauliza: mimi na mgongo wangu wa miaka mingi, niisubiri mashine hiyo? Niuze mbuzi na kiwanja niifuate iliko?

Leo nitajibu, ila nitaomba uvumilivu, kwa sababu jibu lina sehemu inayohusu mashine na sehemu kubwa zaidi inayohusu sisi wenyewe.

Tuanze na mashine. Ina kishikio kama bomba fupi. Ndani yake hewa iliyobanwa inasukuma kipande cha chuma kwa kasi, kile chuma kinagonga kichwa cha bomba, na kichwa hicho kimelazwa juu ya ngozi yako iliyopakwa jeli. Inagonga hivyo mara kama 10 kwa sekunde moja. Kikao kimoja huwa na mapigo 2,000 hivi, na mtu hurudi wiki hadi wiki kwa vikao vitatu au zaidi. Ukigonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, aliyekaa mwisho wa pili anausikia mtikisiko miguuni ingawa hukumgusa: ndivyo nguvu inavyosafiri kutoka kwenye ngozi kwenda ndani ya nyama na kano.

Mawimbi haya hayakuanzia kwenye viungo. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, huko Ujerumani, walikuwa wakichunguza jinsi tone la mvua linavyoweza kuiharibu ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Kutokana na uchunguzi huo ikazaliwa mashine ya kuvunja mawe ya figo bila kumpasua mtu, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich mwezi wa Februari 1980. Baadaye madaktari wa mifupa wakajaribu mawimbi kwenye mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwenye kano zilizochoka, na mwaka 2000 serikali ya Marekani ikaruhusu mashine ya namna hiyo kwa maumivu sugu ya kisigino. Kwa hiyo si uongo wa matangazo. Ni tiba yenye historia na yenye kazi yake.

Lakini kazi yake ina mipaka, na hapo ndipo wauzaji wa matumaini wanaponyamaza. Aina hii ya mashine, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwenye vituo vya tiba, nguvu yake iko nyingi karibu na ngozi na hupungua kadiri inavyozama. Ikishapita sentimita chache imekwisha. Diski ya mgongo wa mtu mzima iko ndani zaidi, nyuma ya misuli minene na mifupa. Mtu akikuambia atairudisha diski yako mahali pake kwa mashine ya kugonga, mwache na fedha zako zibaki mfukoni. Hata kwenye bega, ambako mashine ilisifiwa sana, wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo na mwaka 2020 wakatoa hukumu ya unyenyekevu: faida kwa wagonjwa wengi wa kano za bega ni ndogo, kama ipo. Kwenye kisigino ushahidi ni mzuri zaidi.

Na kisigino chenyewe tukizungumze, maana mama zetu wa Soko Kuu wanakijua. Unaamka alfajiri, unashusha mguu chini, hatua ya kwanza inachoma kama umekanyaga mwiba. Ukitembea kidogo inapoa. Jioni, baada ya kusimama siku nzima nyuma ya meza ya sombe na samaki, inarudi. Ule utando mgumu wa unyayo umebebeshwa kuliko uwezo wake.

Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha zoezi moja ambalo halihitaji umeme wala dola. Chukua kipande cha kikwembe, ukikunje kiwe mviringo mnene. Kiweke kwenye ngazi ya mlango, simama juu yake kwa vidole vya mguu mmoja ili vidole viinuke, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Panda taratibu kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya hivyo mara 12, pumzika, rudia mpaka duru tatu. Si kila siku. Siku moja fanya, siku moja acha. Ukizoea, vaa mfuko mgongoni wenye vitu vizito kidogo. Baada ya miezi mitatu, waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wakinyoosha unyayo tu. Miezi mitatu, mama yangu. Si wiki moja. Kano hujengwa polepole, na anayekuahidi kuponya kisigino cha mwaka mzima kwa siku tatu hajui kano ni kitu gani.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nitake kuzungumza leo. Nataka tumwangalie mtu wa toleka, baiskeli yetu ya kubebea abiria.

Mnamjua. Yuko kwenye njia panda ya Makiso, yuko Mangobo, yuko kwenye daraja la Tshopo, mkono kwenye breki, mto wa kukalia abiria umefungwa nyuma kwa mpira. Kwa miaka mingi, petroli ilipokosekana na vita vilipotupiga, huyu ndiye aliyeuendesha mji huu kwa miguu yake. Kwa siku nzima ameegemea usukani, uzito wa kifua chake na wa abiria unashukia viganja. Asubuhi moja anaamka, kidole chake cha mwisho na nusu ya kile cha pili yake vina ganzi. Anakung'uta mkono. Ganzi haiondoki. Jioni anaanza kuhisi moto unatoka kwenye kiwiko unateremka mpaka kwenye kidole kile. Atafanya nini?

Kwa kawaida, mambo matatu. Kwanza anakandwa: shangazi anachukua mafuta ya mawese ya moto na kukaza vidole kwenye kiwiko pale panapouma. Pili, anapita kwenye duka la dawa, anapewa diklofenaki na vidonge vya deksa, mchanganyiko usio na karatasi ya munganga, yaani daktari. Tatu, kama ana ndugu mwenye fedha, ataambiwa habari za mashine.

Na mimi nauliza: ni nani kati ya hawa watatu amemwuliza ganzi ile imeanzia wapi?

Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho unapita nyuma ya kiwiko, kwenye kile kijia ambacho ukijigonga mkono mzima unashtuka, halafu unashuka mpaka kwenye kiganja upande wa kidole hicho. Unaweza kubanwa chini, kwenye kiganja, na usukani wa baiskeli. Unaweza pia kuumia juu, kwenye kiwiko. Kuna njia rahisi ya kuanza kutofautisha. Tawi la mshipa huo linalohudumia ngozi ya mgongo wa mkono, upande wa kidole cha mwisho, linaachana na shina lake kabla ya kufika kwenye kifundo. Kwa hiyo, kama usukani ndio mkosaji, mgongo wa mkono hubaki na hisia nzuri, ni upande wa vidole na kiganja tu unaolala. Kama mgongo wa mkono nao umekufa ganzi, tatizo liko juu zaidi, na hapo lazima tuguse kiwiko. Pole pole, kwa ncha za vidole viwili, pande zote mbili, kulia na kushoto, tulinganishe. Je, mshipa wa upande mmoja umevimba kama kamba? Je, ukiguswa tu unauma kuliko kawaida? Halafu mwenzetu avue shati, mchana, penye mwanga. Je, kuna baka mgongoni au kwenye paja, lililofifia au lenye wekundu, ambalo halisikii?

Kama lipo, ndugu zangu, yule mtu wa toleka haumwi kiungo. Ana ukoma.

Najua neno hili linavyoangukia masikio. Lakini jimbo letu la Tshopo ni miongoni mwa majimbo ya Kongo ambako ukoma haujaondoka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile za Afrika zinazopata wagonjwa wapya wengi. Tena si jambo ambalo mji huu umelijua jana. Shukeni mto kidogo tu, mfike Yakusu, kwenye misheni ya Wabaptisti wa Uingereza. Daktari Clement Chesterman alianza kazi pale mwaka 1920 akipambana na ugonjwa wa malale. Mwaka 1936 akaja kijana mwingine, Stanley Browne, naye alipokuwa akizunguka vijijini kando ya mto aliwakuta wakoma wengi kuliko alivyotarajia. Akajenga kijiji cha matibabu huko Yalisombo, na hapo ndipo wagonjwa wa mto huu walipoanza kupewa dapsoni, dawa ambayo mpaka leo ni moja ya zile zinazotolewa. Browne aliishi huku mpaka 1959, na baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ukoma duniani. Alichojifunza kuhusu ngozi na mishipa ya fahamu, alijifunza kwa sehemu kubwa kutoka kwenye miili ya babu zetu. Mimi naona ni aibu mtu wa Kisangani akikandwa kiwiko miezi minane wakati elimu ya kiwiko kile ilikusanywa mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwake.

Dawa za ukoma hazinunuliwi. Shirika la Afya Duniani limezitoa bure kwa nchi zote tangu 1995, na mtu humeza kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yake. Mara tu anapoanza, hatari ya kumwambukiza mwingine inashuka haraka. Lakini mshipa una saa yake. Ukivimba na kuuma, au ganzi ikiwa mpya, kuna vidonge vya prednisoloni vinavyotolewa kwa mpango maalumu na munganga, vipimo vikipungua wiki kwa wiki. Vikianzwa mapema, katika miezi 6 ya kwanza, mshipa mara nyingi huokolewa. Ukichelewa mwaka, vidole vinakunjika na havikunjuki tena. Miezi hiyo sita ndiyo tunayoipoteza kwa mafuta ya mawese na kwa kungoja mashine.

Kifaa cha kupima hisia ni kalamu ya wino ya kawaida. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa kwa ncha taratibu, anaonyesha kwa kidole ulipogusa. Kila kituo cha afya kina kalamu.

Na kama baka halipo, kiwiko kiko sawa, na mgongo wa mkono unasikia vizuri? Basi ni usukani. Hapo nasema kwa furaha: ndugu, funga kitambaa kinene au mpira wa tairi la ndani kwenye vishikio, inua usukani juu kidogo, badilisha namna ya kushika kila unapompakia abiria mpya. Kiti nacho kikiwa chini mno goti linauma kwa mbele. Kipandishe mpaka mguu unaponyooka karibu wote pedali ikiwa chini. Hakuna mashine ya mawimbi itakayofanya kazi hiyo badala yako.

Sijasema mikono haina maana. Naomba nieleweke vizuri hapa, maana bibi zetu wanaokanda nawaheshimu. Mikono ya mtu wa kine, yaani wa tiba ya viungo, hospitalini, au ya bibi anayejua kazi yake, inalegeza msuli uliokaza, inapunguza maumivu kwa saa au siku, na inamrudishia mtu ujasiri wa kujongea. Ujasiri huo si kitu kidogo. Mwaka 2023, mwezi wa Desemba, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na masaji na tiba ya mikono ya uti wa mgongo vimo ndani yake, pamoja na mazoezi na maelezo mazuri kwa mgonjwa. Kinachokosewa ni hadithi inayoambatana na mikono. Utasikia: mfupa umetoka, nimeurudisha, umesikia ulivyolia? Mlio ule si mfupa. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha kiungo cha kidole wakati kinalia, wakaona ni uwazi wa hewa unaofunguka ndani ya majimaji ya kiungo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kabla na baada.

Shingo, hata hivyo, usimpe mtu yeyote aizungushe kwa ghafla. Mishipa ya damu inayolisha ubongo inapita humo, na ikichanika mtu anaweza kupooza. Hutokea mara chache, lakini likitokea hakuna wa kulirudisha. Na mguu uliovimba upande mmoja, wenye moto na maumivu kwenye shavu la mguu, usiukande kabisa: inaweza kuwa damu imeganda ndani.

Twende kwenye kiuno, kwa ufupi, kwa sababu kila siku tunakizungumza. Mwanamke anayetoka shambani na kapu la mihogo, kamba imepita kwenye paji la uso. Mvuvi wa Wagenya anayetega makapu makubwa kwenye miti mitatu katikati ya maporomoko. Fundi wa matofali. Wote hawa viuno vitauma, na mara nyingi sana kitakachowasaidia ni kuendelea kujongea kwa kiasi, kutembea, kupunguza mzigo kwa wiki kadhaa na kuurudisha kidogo kidogo. Hata ile diski iliyotokeza na kuchoma mguu mzima hadi kwenye vidole, kwa wengi hunywea yenyewe katika wiki na miezi. Mikaba ya kiuno inayotundikwa sokoni, mwongozo ule wa 2023 unasema isitumiwe kama tiba. Na ule usemi wetu kwamba kila mgongo unaouma ni bawasiri, halafu mtu anapigwa bomba la pilipili kwa nyuma, naomba tuuache. Bawasiri hukaa kwenye njia ya haja kubwa. Haina uhusiano na mkulima aliyeinama kutwa nzima, na pilipili inaunguza utumbo bure.

Sindano nayo. Tunapenda sindano. Mtu anaona kidonge si dawa mpaka adungwe takoni. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita ndani ya tako, na sindano ya kwinini au diklofenaki ikipigwa mahali pasipo pake, mguu unalegea, unyayo unaburuta. Mji huu una vijana wanaotembea hivyo tangu utotoni, na familia zao husema ni malaria iliyowapiga mguu. Ukiweza kumeza, omba kidonge. Mtoto mdogo akilazimika kudungwa, adungwe kwenye paja, kwa mbele na upande wa nje.

Kuna wale ambao mkono wala mashine havipaswi kuwagusa kabla ya uchunguzi, na nitawataja kwa sababu ni watu wetu kabisa. Mtoto mwenye SS, yaani selimundu: utafiti uliofanywa hapa Kisangani na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu mtoto mmoja katika kila wachanga 100 ana ugonjwa huu. Mifupa yake ikiuma usiku, anahitaji maji, joto, dawa ya maumivu na hospitali. Kumkandamiza kwa nguvu ni kumtesa. Mtu anayekohoa, anayekonda, anayetoka jasho la usiku, na mgongo wake umeanza kuinuka nundu: hicho ni kifua kikuu cha mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama mwenye mimba asiwekewe mashine hiyo karibu na tumbo wala kiuno, na mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye saratani mahali panapouma, naye asiwekewe. Wapo pia wanaobeba vipande vya bomu miilini tangu vile vita vya siku 6 vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mmoja wao, mwambie munganga kabla hajakugusa, hata kama kovu ni la zamani na halikusumbui.

Na anayepata ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko, pamoja na mkojo kukataa kutoka au kutoka bila yeye kujua, huyo asingoje asubuhi. Apandishwe kwenye pikipiki au toleka sasa hivi, apelekwe hospitali kuu au kliniki za chuo kikuu. Huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na saa zinahesabiwa.

Basi yule aliyeuliza kama auze kiwanja: papa, usiuze. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, mwambie muuguzi mambo manne kwa mpangilio huu. Maumivu yalianza lini na ulikuwa unafanya kazi gani. Yanashuka mpaka wapi. Mahali gani ngozi haisikii. Ni dawa zipi umeshameza, hata zile za dukani zisizo na jina. Kisha vua shati, umwombe akuangalie mgongo mzima penye mwanga, na akupime kwa kalamu.